Mchumba au Kinu cha Nyuklia

Ukimwamkia mtu mzima naye akaanza kukagua dari, jua hakuja kwa heri. Asubuhi hiyo Maswali alipiga goti kidogo, akasema shikamoo mama kwa adabu zote alizolelewa nazo, na mama mkwe mtarajiwa akampita kama anavyoupita mlango. Alienda moja kwa moja kukaa kwenye kiti kilicho chini ya kofia ya kukaushia nywele, mkoba mapajani, midomo ameibana. Nyuma yake aliingia mwanawe, Taratibu, macho chini. Yeye angalau alisema habari za hapa, ila aliiambia rafu ya sabuni.

Walikutana saluni kwa sababu nyumba ya akina Maswali ilikuwa saluni mbele na vyumba viwili nyuma, na mama yake Maswali, msusi mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, hakutaka ugomvi uingie mpaka pale anapolala. Aligeuza kibao cha mlangoni kisomeke TUMEFUNGA, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akasubiri. Ukuta mzima ulikuwa vioo. Mtu akikwepa macho ya mwenzake upande huu, aliyakuta upande wa pili yanamsubiri.

"Mama mwenzangu, sikuja kusuka," alianza mgeni. "Nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Nasikia leo jioni ndiyo mwisho wa binti yako kuchagua chuo."

"Umesikia vizuri. Jioni mtandao unafungwa."

"Na nasikia bado anakitaka hicho kinu."

"Kinu cha nyuklia. Ndiyo."

"Angetaka kinu cha kutwangia ningemnunulia mwenyewe, na mchi juu yake."

Taratibu alikohoa. Maswali akamtazama kiooni, akitumaini kuona lile tabasamu lake la upande mmoja, lile lililomfanya mwaka jana amwage chai juu ya meza ya karakana mbele ya watu wazima. Tabasamu halikuja. Kijana alikuwa anajitazama viatu.

Na hapa ni vizuri msomaji ajue binti huyu alifikaje kwenye kinu, maana wengi walidhani ni ubishi tu. Jina la Maswali alipewa shuleni na mwalimu aliyechoka. Alipomaliza shule aliajiriwa kama msaidizi kwenye karakana inayopiga picha mabomba ya chuma pale yalipochomelewa, kama hospitali inavyopiga picha mfupa, ili kuona ndani kama kuna ufa. Picha hizo hupigwa kwa mionzi inayotoka kwenye boksi zito la chuma. Siku ya kwanza aliuliza ndani ya boksi kuna nini. Fundi mmoja akamwambia kaa mbali. Wa pili akamwambia hayakuhusu. Wa tatu, kijana mrefu anayefanya kila kitu kwa utulivu mpaka wenzake wakamwita Taratibu, alivuta ndoo, akakaa juu yake, akamweleza. Penzi lilianzia kwenye ndoo hiyo, na hamu ya nyuklia pia, siku moja. Ndiyo maana Maswali hakuwahi kufikiri kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kugombana.

Alipata nafasi mbili. Moja ni uhandisi wa maji, chuo cha hapa hapa mjini, unatoka darasani unakwenda kula nyumbani. Nyingine ni uhandisi wa nyuklia, chuo kilicho mbali, safari ya kulala njiani. Alimpigia simu mkuu wa idara ya huko akamuuliza mpaka mzee wa watu akaomba apewe nafasi ya kunywa maji. Mna kinu chenu, au mnafundisha kwa picha? Wanaomaliza wanafanya kazi wapi? Mwanafunzi anakishika kinu kwa mkono wake au anasimuliwa? Mzee akamjibu kwamba wana kinu kidogo cha kufundishia, kimezama kwenye bwawa la maji safi, na mwanafunzi akifika mwaka wa tatu anakiwasha mwenyewe, mwalimu kasimama pembeni. Tangu siku hiyo Maswali akawa anatabasamu peke yake jikoni.

Hayo yalikuwa kabla ya beji.

Karakana ile kila mfanyakazi huvaa beji kifuani. Haimkingi mtu na mionzi, inamshuhudia tu. Ndani yake kuna kipande cha filamu, na kila mwezi hupelekwa maabara ili ijulikane mtu amepigwa kiasi gani. Beji za watu wote zilirudi salama. Ya Maswali ilirudi imejaa, imepita mara nyingi kiwango kinachoruhusiwa. Akaondolewa kazini siku ile ile mpaka uchunguzi uishe, na kuanzia hapo akaacha kulala. Alihesabu kila kichefuchefu. Alijitazama mikono kama mikono ya mtu mwingine.

"Mimi si mtu wa kuzunguka," mama yake Taratibu aliendelea. "Mwanangu ameniambia yote. Beji imejaa. Msichana ameshapata mionzi kabla hata hajaenda huko kwenye mashimo yao, sasa akienda akakaa nayo miaka mitano, atatuletea nini? Mimi nataka wajukuu. Nataka watoto wenye vidole vyao vyote."

"Mama," alisema Taratibu kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, namalizia. Achague maji. Akichagua maji, harusi ipo, na tutamtafutia daktari amtazame kizazi. Akichagua kinu, basi akaolewe na kinu."

Msusi aliweka kitana mezani taratibu mno. Wateja wake wangekuwepo wangejua hiyo ni dalili mbaya.

"Umesema kizazi cha nani?"

"Cha binti yako."

"Nilidhani sijasikia. Umekuja kwenye nyumba yangu, umekalia kiti changu, umemtukana mwanangu uzazi mbele ya kioo changu. Mwanao yuko karakana ile miaka mingi kuliko wa kwangu. Mbona kizazi chake hatujakuja kukipekua?"

"Wa kwangu beji yake safi!"

"Wa kwako moyo wake safi? Maana tangu aingie hajafungua mdomo ila kusema mama."

"Mama, tafadhali," Maswali aliingilia. "Mama zangu wote wawili, tafadhali."

Sauti yake ilikatika katikati. Wakanyamaza, si kwa kumhurumia, bali kila mmoja akipanga maneno yake yajayo.

Alimgeukia Taratibu. Hakuhitaji kioo sasa. "Na wewe unasemaje? Achana na mama. Wewe."

Taratibu alichukua muda wake, kama kawaida yake. "Mimi nasema chagua maji," alisema. "Si kwa ajili ya mama. Kwa ajili ya afya yako. Tayari umeshaumia. Ya nini kuongeza?"

Alisema kwa upole, na upole huo ulimmaliza Maswali kuliko matusi yote. Alikumbuka siku ya matokeo ya beji. Alimvuta Taratibu nyuma ya karakana, kwenye rundo la mabomba, akamwambia: nakuachia, tafuta mwingine, mimi sijui kama nitazaa, sijui hata kama nitazeeka. Alisema huku meno yanagongana. Taratibu akamkumbatia, akamwambia sikioni mwake, "Nitakuoa hivyo hivyo. Tusipopata mtoto, tutalea wa ndugu. Sikuachi." Maswali alililia shati lake mpaka likashikamana na kifua. Jioni alimwambia mama yake kwamba mwanamume wa aina hiyo Mungu humtoa mmoja, kisha anavunja kalibu.

Kwa mwanamume wa aina hiyo, kinu ni nini? Alichukua simu. Akafungua ukurasa wa kuchagua. Uhandisi wa nyuklia ulikuwa juu, uhandisi wa maji chini. Alisogeza kidole chini. Mama yake aliona, akageuza uso, maana alijua mwanawe alivyokuwa anatabasamu peke yake jikoni, na hakutaka kuwa shahidi wa mazishi ya tabasamu lile.

Simu ikalia mkononi.

"Msimamizi," alisema Maswali. Alikuwa msimamizi wa usalama wa karakana, mwanamke mkavu asiyepiga simu kusalimia.

"Weka sauti kubwa," alisema mama yake Taratibu. "Kama ni habari za mwili wako, na sisi zinatuhusu."

Maswali akaweka sauti kubwa.

"Maswali, umekaa? Kaa," ilisema simu. "Maabara wamerudia kuitazama filamu yako. Sikiliza vizuri. Ndani ya beji kuna vipande vidogo vya chuma, na mionzi ikipiga, vipande vile vinatupa kivuli kwenye filamu. Mtu akivaa beji anatembea, anageuka, anainama. Mionzi inampata huku na huku, kivuli kinatoka kimefifia pembeni, kama picha ya mtoto anayekimbia. Unanipata?"

"Nakupata."

"Chako kimetoka kimekatika kama kwa wembe. Beji hiyo haikuwa mwilini mwa mtu. Ilikuwa imelala mahali pamoja, imetulia, karibu na boksi, mionzi inapita. Wewe hukupigwa na kitu. Nimeagiza pia damu yako ipimwe kwa uhakika, lakini mimi nakuambia, mdogo wangu, wewe mzima."

Mama yake Maswali alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, kisha akajiziba mdomo na kuanza kulia. Hata mama yake Taratibu alishusha pumzi, akajishika kifua. "Mzima?" aliuliza. "Mzima kabisa?" Na kwa sekunde chache wanawake wale wawili walikuwa upande mmoja.

Maswali alihisi miguu yake inarudi kuwa miguu yake. Aliinua uso ashiriki furaha hiyo na mtu aliyebeba hofu ile pamoja naye. Alimtafuta kiooni.

Taratibu alikuwa amefumba macho. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeletewa habari njema. Ulikuwa wa mtu anayesikia hatua za anayemdai zikikaribia mlangoni.

"Sasa niambie jambo moja," iliendelea simu. "Wiki ile uliyokuwa na ruhusa, beji yako ilikuwa kwa nani?"

Maswali alikumbuka. Alikuwa ameomba ruhusa aende kupeleka vyeti vyake vikahakikiwe kwa ajili ya chuo. Akavua beji getini, akamwekea mtu kiganjani, akasema nitundikie ubaoni mpenzi, nimechelewa. Mtu yule akaifumbata, akambusu paji la uso.

"Nitakupigia, Msimamizi," alisema. "Nipe dakika kidogo."

Alikata simu. Vioo vyote vilimwonyesha mtu mmoja tu.

"Taratibu," alisema. "Mbona hujafurahi?"

"Nimefurahi."

"Tumefurahi mimi, mama yangu, na mama yako ambaye hanipendi. Wewe mbona hujafurahi?"

"Tuongee nje," alisema Taratibu.

Walitoka kwa mlango wa nyuma mpaka uani, ambako taulo za saluni zilikuwa zimeanikwa. Nyuma yao pazia la mlango lilitikisika kisha likatulia, ishara kwamba wazazi wote wawili wameshapata mahali pa kusimama.

"Niambie uliitundika," alisema Maswali. "Niambie mtu mwingine aliichukua. Nitakuamini. Sema tu, nitakuamini hata kama ni uongo, maana siwezi kufikiri hiki ninachofikiri."

Taratibu alishika pindo la taulo, akalikunja, akalikunjua.

"Niliiacha juu ya bomba," alisema. "Tulipokuwa tunapiga picha. Mara chache tu. Nilitaka isome juu kidogo, uogope kidogo. Sikujua itajaa hivyo."

"Niogope kidogo."

"Uogope, uchague maji, yaishe. Nilipanga nikwambie baadaye."

"Baadaye lini? Tukishaoana? Kwenye harusi, baada ya keki?"

"Usinidhihaki."

"Nikudhihaki?" Maswali alicheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha ndani yake. "Wewe unashinda ukisoma vivuli vya filamu. Ufa mwembamba kama unywele unauona. Ukasahau kwamba beji nayo ni filamu? Ukasahau nayo ina kivuli? Hata uongo umeufanya bila kufikiri, wewe unayeitwa Taratibu!"

"Nilikuwa naogopa!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Unajua ni nini kukusikia kila siku kinu, kinu, bwawa la maji ya samawati, mwaka wa tatu nitawasha mwenyewe? Wanaokwenda mbali hivyo hawarudi. Na ukirudi utarudi mhandisi, mimi bado nabeba boksi na kuvuta waya. Utanitazama kama unavyomtazama yule mlinzi wa getini. Utaniita kaka."

"Kwa hiyo ulijiona mdogo, ukaamua unipunguze mimi."

Maswali alimsogelea karibu sana, karibu kama walivyokuwa wakisimama siku za heri, na alipata harufu ya sabuni ya karakana kwenye shati lake. Ilimchoma kwamba bado anaipenda.

"Kuhusu beji labda ningekusamehe," alisema polepole. "Nakuambia ukweli, mimi ni mjinga wa mapenzi, labda ningekusamehe. Lakini nilikuja kwako nyuma ya karakana. Nilikuwa natetemeka. Nilikwambia nakuachia, kwa sababu nilidhani nimekufa nusu. Unakumbuka uliniambia nini?"

"Maswali..."

"Unakumbuka?"

"Nitakuoa hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo vipi, wakati unajua mimi ni mzima? Ulinishika ukijua ni mzima. Nililia kifuani kwako nawe ukanipapasa mgongo, ukijua. Nilikuona malaika. Nilimwambia mama yangu habari zako kwa machozi. Neno moja tu lingetosha, nikalala usiku ule. Ukalibana."

"Ningekwambiaje wakati ule? Ungeniacha."

"Kwa hiyo bora nilie."

"Nilikuwa nakupenda!"

"Najua," alisema Maswali, na machozi yakaanza kumtoka sasa, kwa hasira. "Hilo ndilo sijui nilifanye nini."

Pazia lilivutwa kwa nguvu. Mama yake Taratibu alitoka wa kwanza, mkoba kwapani, uso umebadilika rangi. Nyuma yake msusi, mikono kiunoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," msusi alisema. "Nimwambie nani sasa? Kijana nimempikia mimi mwenyewe, nikamwita mwanangu."

Mama yake Taratibu hakumjibu. Alimwendea mwanawe, na Maswali alidhani atamkumbatia. Alimpiga kofi la begani, la mama anayempiga mtoto aliyevunja kitu cha jirani.

"Umenifanya nije kumwita mtoto wa watu mgumba, ndani ya nyumba ya mama yake? Mimi nimekaa pale chini ya lile likofia nikitukana, wewe umenyamaza unajua?"

"Mama, nilifanya kwa ajili yetu. Wewe mwenyewe ulikuwa hutaki aende."

"Nilikuwa sitaki na bado sitaki! Mkwe wa nyuklia simtaki mpaka naingia kaburini. Lakini mimi nimemkataa mchana kweupe, kwa mdomo wangu, akanisikia. Hiki ulichofanya wewe sijui kinaitwaje." Alimgeukia Maswali, akafungua mdomo, akaufunga. Kuomba radhi hakukuwa desturi yake, na siku ile hakuanza. "Kapime hiyo damu," alisema tu, kwa ukali, kisha akapita katikati ya taulo, akatoka kwa mlango wa uani bila kuaga.

Msusi alimtazama mwanawe, akamtazama kijana. "Niko ndani," alisema. "Mlango uko wazi. Ukiniita nakuja na mkasi."

Wakabaki wawili. Maswali aliketi kwenye kizingiti, akafungua simu. Ukurasa ulikuwa pale pale alipouacha.

"Unafanya nini?" aliuliza Taratibu.

"Nachagua."

"Usichague kwa hasira. Chuo hakichaguliwi kwa hasira."

"Hapana. Kwa hasira ningechagua chochote kilicho mbali na wewe. Hiki nilikichagua zamani, nikiwa na furaha." Alisogeza kidole juu. "Kabla simu haijalia kidole changu kilikuwa kwenye maji, unajua? Ningekuchagua wewe. Ningekaa mjini hapa, nikajifunza mambo ya mifereji, na kila nikisikia neno nyuklia ningejishika tumbo. Na wewe ungekuwa unaniangalia tu, miaka yote hiyo."

Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Kisha akakaa akiutazama uso wa simu, na katikati ya maumivu yale yote akahisi, kwa aibu kidogo, furaha.

Taratibu alichuchumaa mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa mbali, kwa mtu asiyejua, wangeonekana wachumba wanaopatana.

"Sawa," alisema. "Umechagua. Nitakusubiri. Nitakuja kukuona. Nitafanya lolote. Ila Msimamizi usimwambie, mpenzi. Watanifukuza. Na hakuna karakana nyingine itakayonipa boksi, maneno haya yanasambaa. Mwambie hukumbuki beji ilikuwa kwa nani. Sahau tu. Wewe ni mzima, hakuna aliyeumia."

Alikuwa amemshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto, vidole vile vile vilivyomwonyesha jinsi ya kushika filamu pembeni isichafuke.

Maswali alimsogezea simu. "Mwambie mwenyewe," alisema. "Piga wewe. Sema kama ulivyoniambia mimi, neno kwa neno. Nitakaa hapa, sitakuachia mkono."

Alimaanisha. Alikuwa tayari kukaa pale, kulia naye, kumsindikiza karakana, hata kumtetea. Moyo wake wote ulikuwa umeegemea jibu moja, na aliomba kimya kimya kijana huyu aichukue simu ile. Watu huandikiana barua miaka mitano na wakarudiana. Vinu havizuii barua.

Taratibu aliitazama simu. Akamtazama yeye.

"Nikimwambia," alisema, "utabadilisha? Utachagua maji?"

Ndege mmoja alitua kwenye kamba ya taulo, akaruka tena. Maswali alijaribu kukumbuka sauti ya mtu aliyekaa juu ya ndoo akimweleza kilichomo ndani ya boksi bila kutaka malipo yoyote, na hakuweza kuisikia. Aliuvuta mkono wake, si kwa nguvu, akasimama, akapiga.

"Msimamizi. Nimekumbuka. Beji nilimpa Taratibu. Aliiacha juu ya bomba wakati wa kupiga picha. Kwa makusudi. Ameniambia mwenyewe, yuko hapa."

Upande wa pili sauti kavu ikalainika kwa namna ambayo Maswali hakuwahi kuisikia.

"Taratibu? Si ndiye mchumba wako huyo?"

Kijana alikuwa bado amechuchumaa, uso ameuinua, akimtikisia kichwa asiseme. Alikuwa mzuri hata hivyo. Maswali alimtazama mpaka alipohakikisha hatamsahau.

"Andika mfanyakazi mwenzetu," alisema.